Kwangu Hujafika

Mtaa ukiamua kukupenda, haukuulizi kama una nafasi. Lidwina aliletewa habari za sherehe yake mwenyewe akiwa anafua uani, mikono imejaa povu. Aliyezileta alikuwa mwenyekiti wa mtaa, mzee Kajetani, naye alisimama nje ya uzio kama mtu aliyeonywa kwamba ndani kuna mbwa mkali. Nyumba hiyo haikuwahi kufuga mbwa.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba, Sista. Jumamosi usiende kokote. Wananchi wamekuandalia siku yako. Kuna turubai, kuna muziki, kuna pilau, kuna keki. Watu wamechanga wenyewe kwa moyo, hakuna aliyefukuzwa na mgambo."

"Karibu ndani basi tuongee. Chai iko jikoni, ya moto kabisa."

"Aa, chai! Nimetoka kunywa sasa hivi tu." Mzee akarudi nyuma kidogo huku akicheka. "Jumamosi, Sista. Usije ukatuangusha."

Akaenda zake, na Lidwina akaendelea kusuuza shuka. Zamani mzee huyu alikuwa hapiti Jumapili bila kunywa chai ya nyumba hii, akijitilia sukari vijiko vinne bila huruma, na wakati huo alimwita Mama Noela kama walivyomwita watu wote wa Majengo. Sasa alikuwa Sista, kama wauguzi wanavyoitwa, na chai yake ilikosa mnywaji.

Mambo yalianza masika ya mwaka jana, kipindupindu kilipoingia mjini. Zahanati aliyokuwa akifanyia kazi ilifungua kambi ya mahema uwanjani, ikaizungushia kamba, na Lidwina, kwa kuwa ndiye muuguzi mkongwe, akakabidhiwa aiongoze. Mchana alitundika dripu. Jioni alizunguka mtaani na kipaza sauti: chemsheni maji, msishikane mikono, msile misibani, msile kwa jirani, atakayekufa kwa ugonjwa huu atazikwa na watu wa afya, na matanga hakuna. Watu walimsikiliza kuliko walivyowahi kumsikiliza padri na shehe wakiwekwa pamoja. Mvua zilipokatika ugonjwa nao ukaondoka, kambi ikavunjwa, mikono ikaanza kushikana, sinia zikaanza kuzungukwa tena.

Ila kwa Lidwina somo lilikuwa limewaingia mno. Muuza mboga alimwekea chenji juu ya meza badala ya kiganjani. Kwenye jumuiya ndogondogo, ambako kila wiki waumini husali nyumbani kwa mmoja wao kwa zamu kisha wakanywa chai ya mwenyeji, zamu yake ilirukwa kwanza kwa sababu ya mvua, halafu kwa sababu ya harusi, halafu hakuna aliyejisumbua kutafuta sababu. Hawakumtukana, la hasha. Walimsalimu vizuri, tena kwa heshima, tena kwa mbali.

Mwanamke mwingine angesimama njiani akawaambia wazi kwamba kipindupindu hakikai kwenye kucha za mtu mwaka mzima. Lidwina hakuwa wa hivyo. Alizaliwa kijijini upande wa Hanga, kwa watu wanaoamini kwamba ukinyamaza sana mwisho utaulizwa una nini. Hakuulizwa. Mumewe alishafariki zamani, na Noela, mtoto wake wa pekee, alikuwa mwalimu Mwanza. Alibaki anapika ugali wa mtu mmoja, na ugali wa mtu mmoja una tabu yake: ukizidi unaula kesho yake kiporo, na kesho yake vilevile uko peke yako.

Hao wote angeweza kuwavumilia. Aliyemuuma alikuwa Zabibu, Mama Asma, jirani wa ukuta kwa ukuta.

Zabibu ni Myao wa Tunduru aliyekuja Songea na mumewe Daimu kufanya biashara ya korosho. Ukuta uliotenganisha nyua zao kwa miaka mingi ulikuwa meza tu: bakuli la dagaa wa Nyasa linapita huku, boga la kuchemsha linapita kule. Ramadhani Lidwina alifuturu kwenye mkeka wa Mama Asma ingawa hakufunga, na Mama Asma akamtania mbele ya wageni kwamba huyu Mkristo ana njaa kuliko sisi tuliofunga. Krismasi ilikuwa zamu ya Lidwina kupika, na zamu ya Zabibu kusema kuku amekosa chumvi. Kisha masika ile Daimu akafia kambini. Zabibu akakaa eda ndani kwake, na alipotoka eda hakuinua tena macho kuelekea ukutani. Lidwina akahitimisha: naye ananiogopa. Tena yeye ana haki kuliko wote, maana ugonjwa huu umemla mume.

Hivyo mtu akimuuliza Lidwina alitaka nini duniani, jibu lilikuwa dogo na halikuhusu turubai. Alitaka Mama Asma aingie jikoni kwake bila hodi, avute kigoda, ale. Basi. Na ndiyo maana hakuikataa sherehe. Alikuwa ameshahudhuria sherehe za kutosha kujua kwamba penye keki pana kulishana. Anayesherehekewa huchukua vipande akawalisha watu mdomoni, mmoja mmoja, wageni wakipiga vigelegele, na hakuna mtu mwenye adabu anayekataa keki mbele za watu. Mama Asma angekula mara moja. Baada ya hapo, Lidwina alijiambia, ukuta ungejua la kufanya.

Ijumaa alikwenda kusuka nywele. Hakwenda saluni ya mtaani kwao. Alipanda bodaboda hadi upande wa pili wa mji, kwa wasichana wasiomjua, na mmoja wao katikati ya kusuka akamnyooshea kiganja chenye karanga: "Karibu, mama." Lidwina akazichota kwenye kile kiganja, akazitafuna polepole, na machozi yakamlenga hadi msichana akauliza kama amemvuta nywele sana.

"Hapana, mwanangu. Endelea tu."

Jumamosi ilikuwa ya baridi, ile ya Songea ya mwezi wa sita inayowafanya watu wavae masweta juu ya sare. Na sare zilikuwepo: akina mama wameshona kitenge kimoja cha bluu. Maspika yalikuwa makubwa kuliko uwanja wa shule. Mshereheshaji, kijana aitwaye Dastan ambaye hakuna harusi ya Majengo inayoanza bila yeye, alimpokea Lidwina kwa sauti iliyofika hadi barabara ya Namtumbo. "Shujaa wetu huyooo! Mama yetu huyooo! Simameni, simameni, wenye magoti mabovu msimamie moyoni!"

Walisimama. Na hapa lazima tuseme ukweli: Lidwina alifurahi. Alikuwa amejiapiza asifurahi, lakini kifua chake hakikusikia kiapo. Muuguzi hupigiwa kelele anapochelewa, anapokosa dawa, anapokosea mshipa. Mtaa mzima kusimama kwa ajili yake ni jambo ambalo damu inalisikia. Alitembea kati ya viti vya plastiki akiwa amebana midomo ili asitabasamu sana, akaketi kwenye kiti kilichofunikwa kitambaa cheupe na riboni, na kwa muda mfupi aliamini kwamba labda alikuwa amewawaza watu hawa vibaya.

Mzee Kajetani akashika kipaza sauti. Akamshukuru Mungu, akaishukuru serikali, akajishukuru na yeye mwenyewe kidogo, kisha akafika kwenye jambo lenyewe.

"Ndugu zangu, mitaa mingine walizika watu. Mnajua. Sisi kwa kazi ya mama huyu tulipoteza mtu mmoja tu! Mmoja tu, ndugu zangu! Makofi!"

Makofi yakalipuka. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wahenga, na siku hiyo kanda lilibebwa juu juu na uwanja mzima. Hata mikono ya Lidwina, kwa mazoea ya mikutano, ilikuwa imeshaanza kupiga kabla masikio yake hayajaelewa. Aliisimamisha. Akaangaza macho kwenye umati, na pembeni kabisa, karibu na ukuta wa shule, akamwona Zabibu. Hakuwa na sare. Alikuwa amesimama na kanga yake kichwani, mikono imeshuka ubavuni.

Lidwina alitamani kiti kimmeze. Lakini Dastan alishafungulia muziki, na akina mama wa bluu walikuwa wanakuja wakicheza, kila mmoja na kitenge mkononi, kwenda kumvisha. Ukimvisha mtu kitenge unamfunga mgongoni, unamkumbatia, unamtikisa, mnacheka. Hawa walifika urefu wa mkono, wakamtupia begani, wakarudi nyuma wakicheza vizuri sana. Kitenge juu ya kitenge, mpaka ukabaki uso tu. Jasho likamtoka mgongoni licha ya baridi, na katika furushi lote lile la nguo hapakuwa na kiganja cha mtu kilichomgusa.

Keki ikaletwa. Ilikuwa nyeupe, ina msalaba mwekundu na jina lake. Lidwina akaikata, akachoma kipande cha kwanza kwa kijiti.

"Sasa mama yetu anawalisha wapenzi wake!" akapaza Dastan. "Tunaanza na mwenyekiti! Mwenyekiti, fungua mdomo, leo si siku ya hotuba!"

Watu wakacheka. Mzee Kajetani akaja mbele amefungua mikono, akaifikia keki, akainama kuiangalia. "Lo, Sista. Mimi sukari. Daktari kanikataza kabisa." Yeye, wa vijiko vinne. Akachukua kipande kwa karatasi laini, akakiinua juu watu wakione, akarudi kitini nacho. Aliyemfuata alikuwa mwenyekiti wa jumuiya yao, akasema jino linamsumbua. Akaja muuza mboga, huyu alipanua mdomo barabara mbele ya simu za kupigia picha, na picha ilipopigwa tu akakidaka kipande kwa vidole: "Nitakula na watoto nyumbani, Sista, wasije wakanilaumu." Kila mmoja alikuwa na sababu, na kila sababu ilikuwa na adabu. Vigelegele havikukatika.

Dastan ni kijana mwerevu, aliona jambo linaharibika. Akatafuta wa kuliokoa. "Jamani, jirani yake wa ukuta kwa ukuta yuko wapi? Mama Asma! Nakuona pale ukutani, usijifiche. Njoo umpokee mwenzio!"

Zabibu alikuja. Alipita katikati ya viti bila haraka, na muziki ukapunguzwa. Lidwina alichagua kipande kilicho laini, cha katikati, akakishika juu ya kiganja kisidondoke. Walikuwa hawajasimama karibu hivi tangu kambini. Aliona Zabibu amekonda shingo.

"Mama Asma," alisema kwa sauti ya chini. "Kidogo tu."

Zabibu aliitazama keki, kisha akamtazama yeye usoni, kwa muda wa kutosha watu kuanza kukohoa.

"Kwangu hujafika," alisema.

Akageuka, akaondoka kwa njia ileile. Dastan akapandisha muziki hadi mwisho na kuwaita watu kwenye pilau. Lidwina akabaki na kipande kiganjani. Mwishowe akakila mwenyewe, maana hakuna mahali pa kukiweka, na simu moja ikampiga picha anakula.

Jioni Noela alipiga kutoka Mwanza. "Mama! Umependeza! Nimeona video, nimeiweka hata kwenye status, walimu wenzangu wote wanasema mama yako ni shujaa."

"Asante, mwanangu."

"Mbona sauti hivyo? Hukufurahi?"

"Nimefurahi. Nimechoka tu, baridi kali."

"Basi pumzika. Mtaa wenu wana upendo kweli, wallahi... samahani, mama, huku nimezoea kuapa." Akacheka, wakaagana.

Lidwina akakaa kitandani kando ya rundo la vitenge. Vilikuwa vizuri, vingine vya bei. Alijua angevivaa vyote na angeulizwa amevipata wapi, na angejibu kwa fahari. Alijionea haya kwa hilo. Lakini chini ya haya kulikuwa na lile neno, kwangu hujafika, na kadiri alivyoligeuza ndivyo lilivyokataa kuwa neno la mtu anayeogopa vijidudu. Mtu anayekuogopa hasemi njoo kwangu. Neno lile husemwa na mfiwa.

Hapo ndipo alipoacha kujidanganya. Huku kwetu, mtu akifiwa na wewe ni mtu wake, hupokei cha mkono wake wala yeye cha mkono wako mpaka ufike, uketi chini, ulie naye. Ukiwa ulikuwa mbali utafika hata baada ya mwaka, na siku utakayofika ndiyo siku ya msiba. Lidwina alilijua hilo kabla hajajua kusoma. Na hakuwa mbali. Alikuwa upande wa pili wa ukuta.

Daimu aliletwa kambini alfajiri kwenye guta la kubebea mizigo, amenywea, macho yameingia ndani. Mishipa ilikuwa imejificha. Lidwina aliitafuta mikononi, miguuni, shingoni. Kabla ya adhuhuri alikuwa amekufa. Zabibu alikuwa nje ya kamba. Alipoona wenye mabomba ya kupulizia maiti dawa wanaingia hemani alielewa, akainyanyua kamba apite, akalia kwamba aachiwe amwoshe mumewe. Ndipo Lidwina, amevaa aproni na mabuti na barakoa, alipotoka akanyoosha mkono na kusema: "Wewe mama, rudi nyuma."

Baadaye alikuwa na sababu. Kwanza kambi ilimkataza kuingia nyumba za watu. Halafu matanga yenyewe yalikuwa yamekatazwa, tena na yeye kwa kipaza sauti chake. Halafu Zabibu alikuwa eda. Halafu, mtaa ulipoanza kumkwepa, alipata sababu nzuri kuliko zote: wananiogopa, nitaendaje kuwaogofya? Akaivaa sababu hiyo kama sweta. Ukweli ni kwamba yeye ndiye aliyeogopa. Aliogopa kuulizwa.

Jumapili baada ya misa alijifunga kanga kichwani, akatia unga kwenye ndoo ndogo, kwa kuwa msibani hauendi mikono mitupu, akatoka. Hakumwita Zabibu kupitia ukutani. Alizunguka hadi mlango wa mbele kama mgeni yeyote, akavua viatu kabla hajakaribishwa.

"Hodi."

Zabibu alikuwa kwenye mkeka anabangua korosho, vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda. Aliinua macho, akayarudisha kazini.

"Umefuata nini?"

"Nimekuja msibani."

"Msiba gani?"

"Wa Baba Asma."

Zabibu akaweka chini jiwe lake la kubangulia. "Baba Asma alikufa mwaka jana, Sista."

"Najua."

"Unajua. Wewe ndiye uliyejua wa kwanza." Akajifuta mikono kwenye kanga kuukuu, taratibu, kidole kimoja kimoja. "Nani alimwosha?"

Lidwina alikuwa bado amesimama na ndoo yake. Alifikiri kusema uongo. Angeweza kusema kulikuwa na mzee wa msikitini, na Zabibu asingekuwa na wa kumuuliza. "Hakuoshwa," alisema. "Tulimpulizia dawa, tukamfunga, tukamzika siku ileile."

"Shehe alishaniambia Mungu anajua udhuru wa watu. Mungu simuulizi. Nakuuliza wewe. Uliniita 'wewe mama'. Mimi! 'Wewe mama, rudi nyuma,' mbele ya walinzi, kama mwizi wa kuku. Nikasema labda hakuniona vizuri. Nikakuita, Mama Noela, Mama Noela. Hukugeuka."

"Nilikusikia."

"Ulinisikia."

"Ningekuita Mama Asma ningekuachia upite," alisema Lidwina. "Nisingekuweza. Ungemwosha, ungemkumbatia, na kesho yake ningekutundikia dripu hema lilelile, na Asma angebaki na nani? Nilikufanya mtu nisiyemjua ili niweze kukuzuia."

Zabibu aliliokota jiwe lake, akaligeuza kiganjani. Nje kuku alikuwa anaparua maganda ya korosho, na redio ya mtu fulani ilikuwa inatangaza mpira.

"Ile siku nilikuelewa," alisema mwishowe. "Nilikuchukia, lakini nilikuelewa. Na baadaye je? Nimekaa eda, nasikiliza mlango. Kila hodi nasema ni yeye. Kila hodi! Kumbe wewe upo hapo nyuma unakohoa, unaosha sufuria, nakusikia."

"Nilidhani unaniogopa, Mama Asma. Wote wananiogopa."

"Kwani mimi ni wote?"

Lidwina akaiweka ndoo chini. Zabibu akasogea kidogo kwenye mkeka, si sana, lakini nafasi ikaonekana, naye akaketi.

"Alisema nini?" aliuliza Zabibu. "Mwishoni. Hakuna aliyeniambia hata neno moja."

"Alisema miguu inapata baridi. Nikamshika miguu. Akaniuliza kama nje kunanyesha. Nikamwambia kunanyesha. Akasema, mwambie Mama Asma aanue korosho, zitalowa."

Zabibu akacheka. Ilimtoka ghafla, kicheko cha mke anayemjua mumewe. "Korosho! Ndiye huyo. Ndiye huyo hasa. Anakufa anawaza korosho." Na kicheko kikaenda mahali kikakwama.

Wa kwanza kulia alikuwa Lidwina. Kambini hakumlilia mtu. Alizika watu wa mitaa mingine na huyu mmoja wa mtaa wake akiwa na macho makavu, kwa sababu kulikuwa na mwingine anayesubiri dripu. Sasa hapakuwa na anayesubiri. Alishika kichwa kwa mikono yote miwili, akatoa sauti ile wanayotoa wanawake wa kwao maiti ikitolewa mlangoni, ndefu, isiyo na aibu. Zabibu, aliyelia eda nzima kwa kujifunika mto ili majirani wasisikie, akaifuata. Wakalia pamoja, mmoja akipumzika mwingine anapokea, mpaka kuku akakimbia uani.

Nyumba za Majengo zimebanana, kilio hakina pa kujificha. Kandambili zikasikika njiani. Muuza mboga alifika wa kwanza, anajifunga kanga huku anakimbia, nyuma yake akina mama kadhaa, na nyuma yao mzee Kajetani, pumzi juu, kofia mkononi. Wakasongamana mlangoni. Walimwona muuguzi wao wa jana, hana riboni, yuko chini, na Zabibu amemshika begani kwa mkono wenye mafuta meusi.

"Kuna nini?" aliuliza mzee Kajetani. "Nani amekufa?"

Zabibu aliwatazama wote, mmoja baada ya mwingine.

"Daimu," alisema. "Daimu amekufa."

Mzee Kajetani alisimama akiizungusha kofia mikononi, macho chini. Kisha akainama, akavua viatu. Muuza mboga akavua kandambili. Wakaingia wakakaa chini, na kwa kuwa mkeka ulikuwa mdogo na watu walizidi kuja, walibanana, goti juu ya goti, mpaka Lidwina akawa hana nafasi hata ya kuinua mkono ajifute uso. Muuza mboga ndiye aliyemfuta, kwa ncha ya kanga yake mwenyewe, naye alikuwa analia. Nyuma kule mama mmoja alikuwa ameshauona ule unga kwenye ndoo, akawa anauliza jiko liko wapi awashe moto.